Kifua Kinapobanwa, Tuseme Nini?

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akiulizwa kama kifua kinamuuma, pengine hujibu kwamba la. Hasemi uongo. Akihisicho si maumivu kama ya jino, ni uzito. Husema ameelemewa, amekabwa, amefungwa mkanda, au hukunja ngumi akaiweka katikati ya kifua bila ya kunena. William Heberden, daktari wa London, aliwasimulia wenzake mwaka wa 1768 juu ya watu waliobanwa kifua walipotembea, hasa wakipanda mlima baada ya kula. Ugonjwa huo aliupa jina la Kilatini lenye maana ya kukabwa.

Milima tunayo. Hapa Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo madereva wa malori hupumzika kabla ya kushika njia ya Narok au ya Naivasha, nimesikia kifua kikisingiziwa vumbi, baridi ya Limuru na nyama choma ya usiku. Huyu hujifunika koti, yule hutafuna tembe za kiungulia. Yamkini wengi wao wana haki, kwani si kila kifua kiumacho kina ugonjwa wa moyo. Lakini msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa upesi, na hospitali kubwa ya serikali iko Naivasha.

Lugha nayo ina fumbo lake. Pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, Kiswahili hupaita chembe cha moyo. Wahenga hawakukosea sana: mshtuko wa moyo waweza kujitokeza papo hapo, pamoja na kichefuchefu, mgonjwa akadhani ni chakula. Tena neva za moyo na za mkono huingia katika uti wa mgongo mahali pamoja. Basi ubongo hupotoka, na mtu akalalamikia bega, mkono wa kushoto au taya. Kichomi, kile kikali kinachozidi mtu anapovuta pumzi, mara nyingi hutoka kwingine, ingawa hilo si sababu ya kutopimwa. Na wapo, hasa wazee, wanawake na wenye kisukari, ambao hawahisi kifua kabisa: huishiwa na pumzi, hutokwa na jasho la baridi, huchoka ghafla.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu ndio wakalimani wa zahanati. Nyanya hueleza kwa Kikuyu au kwa Kimaasai, kwa tashbihi ambazo sisi tungezipa alama zote katika insha; mjukuu humgeukia daktari na kusema, "Anaumwa na kifua." Tumewafundisha kufupisha habari, wakafuzu kupita kiasi! Natamani tuwafundishe pia kuuliza ilianza lini, akifanya nini, inaelekea wapi, inafanana na nini. Na kama nyanya amesema ng'ombe amemlalia kifuani, daktari na aambiwe habari za ng'ombe huyo.