MIMBARI IKIKODISHWA KWA CHAMA

Wako Waprotestanti wa Marekani waitwao Wakristo wa Kiinjili. Ndugu zao wa huku kwetu twawaita walokole. Imani yao ina nguzo chache: kwamba Biblia ni neno la Mungu lisilo na kosa, kwamba mtu lazima aokoke kwa moyo wake mwenyewe, yaani azaliwe mara ya pili, na kwamba Injili yapasa ihubiriwe kwa kila kiumbe. Humo hamna chama wala kura. Imekuwaje basi wazungu wa madhehebu hayo wakawa askari wa chama kimoja, hata mgombea wa Republican huwahesabu kuwa ni wake kabla sanduku halijafunguliwa? Msomaji asiseme hayo ni ya ng'ambo hayatuhusu. Yamekwisha kutupiga hodi hapa pwani, kama nitakavyoeleza.

Tuanze na mtu mmoja. Jerry Falwell alikuwa mhubiri wa Kibaptisti katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, aliyeanzisha kanisa lake mwaka 1956 na watu 35 tu, kisha televisheni ikamfanya maarufu nchi nzima. Mnamo Machi 1965, Martin Luther King na wenziwe walipokuwa wakiandamana Selma kudai haki ya weusi kupiga kura, Falwell alipanda mimbari akawaambia watu wake kwamba mchungaji hakuitwa kufanya siasa; ameitwa kuziokoa roho. Hotuba ile ilipigwa chapa ikagawiwa. Mwaka 1979 mtu yuyo huyo akaasisi jumuia ya Moral Majority, kazi yake ni kuwaandikisha Wakristo wapige kura na kuwaonyesha upande wa kuzitia. Ile hotuba ya zamani akaikana.

Ni nini kilichomgeuza? Jawabu la mara kwa mara ni utoaji wa mimba, uliohalalishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1973. Lakini mwaka 1971 mkutano wa Wabaptisti wa Kusini, madhehebu makubwa kuliko yote ya Kiprotestanti kule, ulikuwa umekwisha kupitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba kwa sababu kadhaa, afya ya mama ikiwamo. Mwanahistoria Randall Balmer aonyesha kidole kwingine: kwenye shule. Mahakama ilipopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954, wazungu wengi wa kusini hatimaye walijifungulia shule zao chini ya kivuli cha kanisa. Serikali ikazinyima msamaha wa kodi zile zenye kubagua. Chuo cha Bob Jones kilinyang'anywa msamaha huo mwaka 1976, kikashitaki, na mwaka 1983 kikashindwa. Wako wasiokubaliana na Balmer. Mimi naona moto ule ulikuwa na kuni nyingi, ila ukuni wa kwanza sio ule uliotajwa mimbarini.

Sasa tazama walivyomtenda mtu wao. Jimmy Carter, aliyeshinda urais mwaka 1976, alikuwa Mbaptisti wa Kusini, mwalimu wa madrasa ya Jumapili, na alisema hadharani kuwa amezaliwa mara ya pili. Dini yake haikuwa ya kampeni. Baada ya miaka minne wengi wao walimwacha wakamfuata Ronald Reagan, mcheza filamu wa zamani aliyekwisha kuachana na mke. Agosti 1980 Reagan alikwenda Dallas mbele ya maelfu ya wahubiri na wafuasi wao, akawaambia kuwa ajua wao hawawezi kumwidhinisha yeye, bali yeye anawaidhinisha wao. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Wahenga walinena mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawa walimwacha mzaliwa nao wakashikana na mla nao.

Carter alirudi kijijini kwake Plains akaendelea kusomesha madrasa yake ya Jumapili hata alipokaribia umri wa miaka 95.

Na bei ya biashara hii yajulikana. Mwaka 2011 taasisi ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi mwenye kufanya machafu katika maisha yake ya faragha aweza kuwa mwadilifu kazini. Katika wazungu wa Kiinjili, 30 kwa mia tu walisema aweza. Swali lilo hilo likaulizwa mwaka 2016, Donald Trump akiwa mgombea: 72 kwa mia wakasema aweza. Biblia haikubadilika herufi katika miaka ile mitano. Kilichobadilika ni mgombea. Mwaka huo wanane katika kila kumi walimpa kura zao.

Haki isemwe: walilolitaka walilipata. Juni 2022 Mahakama Kuu, yenye majaji watatu walioteuliwa na Trump, iliitangua hukumu ya 1973. Lakini kwa hesabu za PRRI hiyo hiyo, wazungu wa Kiinjili waliokuwa 23 kwa mia ya Wamarekani mwaka 2006 walishuka hadi 14 hivi mwaka 2020. Nao weusi wenye kuisoma Biblia iyo hiyo na kuokoka vivyo hivyo, aghalabu huipa kura Democrat.

Nilisema yamekwisha kutupiga hodi. Pat Robertson, mhubiri aliyetafuta uteuzi wa Republican mwaka 1988, aliasisi shirika la mawakili mwaka 1990, na mwaka 2010 shirika hilo likafungua tawi Nairobi, wakati ule ule Kenya ilipokuwa ikijiandaa kuipigia kura Katiba mpya. Tawi hilo lilijiunga na makanisa yaliyoipinga rasimu kwa sababu ya kifungu cha mimba na cha mahakama za kadhi. Mahakama hizi ndizo zilizotolewa ahadi kwa barua za Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, ukanda wa pwani ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya. Agosti 4, 2010 Wakenya 67 katika kila 100 waliopiga kura waliikubali Katiba, na wengi wao ni Wakristo. Kadhi akabaki.

Nasi tusijifanye tumekaa baraza ya juu. Agosti 29, 2007 viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF walitia saini mkataba na Raila Odinga wa kumuunga mkono katika uchaguzi wa Desemba. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli: Waislamu walikuwa wakikamatwa na kupelekwa nje ya nchi bila mashitaka. Lakini mkataba ulifichwa, watu wakazuliwa nakala za uongo zenye kudai Kenya itatawaliwa kwa sharia, na ulipochapishwa mwezi Novemba fitina ilikuwa imekwisha kuenea. Maamuma waliosali nyuma ya maimamu hawakuulizwa kitu. Na kila uchaguzi ukikaribia, wanasiasa hununua kofia za viua wakaja kuketi safu ya mbele, na wako miongoni mwetu wenye kuwapisha.