Mzio wa Madini kwa Wenye Viungo vya Bandia

Tangu John Charnley, tabibu Mwingereza wa hospitali ya Wrightington, alipokamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyonga ya bandia yenye kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, watu wasiohesabika waliokuwa wakijikokota kwa mikongojo wamerudi kutembea. Na upasuaji huo wa nyonga na wa goti hufanywa hata hapa kwetu, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam. Walakini miongoni mwa waliopata kheri hiyo hawakosekani wanaolalamika kwamba kidonda kimefunga, picha ya eksirei haina dosari, na goti bado linauma, linavimba na kukataa kukunjika. Na aghalabu hapo ndipo linapozuka swali: je, mwili umekikataa chuma?

Swali hilo si la upuuzi. Goti la bandia lililo la kawaida huwa na sehemu ya juu iliyosubiwa kwa mchanganyiko wa kobalti, kromi na molibdeni, ambamo nikeli nayo hupenya kwa uchache. Na hakuna madini yanayosumbua ngozi za wanadamu kuliko nikeli. Wanawake hupatwa zaidi na udhia huu, kwa sababu mizio mingi ya nikeli huanzia kwenye tundu la sikio lililotogwa na kutiwa vipuli vya bei nafuu. Mwanamume naye hujijua kwa alama nyekundu inayowasha chini ya kitovu, pale pale kifungo cha suruali kinapogusa. Waashi wana msiba wao: kromi iliyomo katika saruji mbichi huwapasua mikono na kuwatia ukurutu sugu, hata wengine wakalazimika kuiacha kazi.

Chuma chochote kikaacho katika maji ya mwili hutoa chembe zake kidogo kidogo, kwa kusuguana na kwa kuliwa na chumvi. Chembe hiyo peke yake ni ndogo mno hata kinga ya mwili haishughuliki nayo. Lakini inapojibandika kwenye protini huigeuza sura, ikawa kama mwenyeji aliyerudi mtaani kavaa mavazi ya ugenini, na walinzi waliomjua tangu utotoni wakamkamata. Mzio huu hauji papo hapo kama ule wa kuumwa na nyuki. Huchelewa siku moja, mbili au zaidi, na ndiyo sababu kipimo chake nacho ni cha subira. Tabibu wa ngozi hubandika mgongoni vijisahani vidogo vyenye madini yaliyochanganywa na mafuta mgando, kila aina mahali pake, huvibandua baada ya siku mbili, akatazama, kisha akatazama tena siku ya tatu au ya nne, akitafuta palipoiva wekundu na vipele.

Hapa ndipo pupa inapowaponza wengi. Ngozi na goti si kitu kimoja, na mtu ambaye mgongo wake umewaka kwa nikeli aweza kukaa na goti lenye nikeli miaka mingi bila ya udhia wowote. Watafiti wa Denmark waliotangaza matokeo yao mwaka 2009 walilinganisha habari za waliowekewa nyonga za bandia na za waliopimwa mizio, wala hawakuona kwamba wenye mzio walirudishwa kwenye kisu zaidi ya wenziwao. Ni kweli kwamba wenye viungo vilivyoharibika huonekana kuwa na mzio wa madini kuliko wengine. Lakini hoja hiyo ina makali pande mbili, maana kiungo kilicholegea husagika, kikamwaga chembe tele, na chembe hizo zikaweza kuuzoesha mwili uadui ambao haukuwapo kabla. Mzio ndio uliolegeza kiungo, au ulegevu ndio uliozaa mzio? Kipimo cha mgongoni hakitoi jawabu.

Kwa hiyo naona ni insafu kuuweka mzio mwisho wa safu ya washukiwa. Wa kwanza ni vijidudu vilivyojificha katika kiungo, ambavyo yamkini visilete homa wala usaha. Kisha kiungo kilichokaa upande, kano zilizokazwa au kulegezwa kupita kiasi, na maumivu yatokayo nyongani au mgongoni yakasikika gotini. Hata saruji ya kugandishia kiungo ina dawa ziwezazo kuleta mzio, na hiyo si madini.

Basi msomaji, ukielekea upasuaji, mweleze daktari habari za vipuli, saa au saruji vilivyowahi kukuwasha, kwa maana kabla ya kisu, kuchagua kiungo cha titani au kilichopakwa seramiki ni jambo la mazungumzo tu, ijapokuwa bei yake hupanda. Nawe uombe uandikiwe jina na aina ya kiungo ulichowekewa, uihifadhi karatasi hiyo. Na kama goti limekwisha kuwekwa na linauma, usikubali kufunguliwa tena kwa hoja ya mzio kabla maji ya goti hayajatolewa na kupimwa vijidudu.