Namba ya Ubavuni mwa Tairi Siyo Namba ya Kujaza Upepo

Kaka yangu anaendesha bajaji pale Mlandege, Iringa. Juzi kati aliipeleka servisi kwa wakala, maana usipopeleka kwao waranti inakufa. Ikarudi imeoshwa, oili mpya, risiti ndefu. Kesho yake mvua ikanyesha. Anateremka kwenda Ipogolo na abiria watatu, kushika breki tu, gurudumu la mbele likateleza. Walipona kwa bahati. Akarudi kwa wakala mara mbili: ya kwanza akaambiwa barabara ni mbovu, ya pili akaambiwa anakimbiza sana.

Nikaazima geji kwa fundi pancha wa jirani. Matairi yote matatu yalisoma PSI 45. Nikainama kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi: 45 hiyo hiyo! Kumbe fundi alisoma namba, ila siyo iliyotakiwa.

Namba ya ubavuni imeandikwa na mtengeneza tairi. Ni kikomo, yaani upepo wa juu kabisa ambao tairi linahitaji likibeba mzigo wake wa mwisho. Mtengeneza tairi hajui litafungwa kwenye chombo gani. Anayejua ni mtengeneza bajaji, na namba yake ipo kwenye kitabu cha chombo au kwenye stika. Mara nyingi mbele na nyuma hazilingani, kwa sababu injini na abiria wako nyuma.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kinachobeba chombo ni upepo, siyo mpira. Kwa makadirio, eneo la tairi linalogusa lami ni uzito uliogawanywa kwa mgandamizo. Tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 100. Kwa PSI 30, sawa na kilo 2.1 hivi kwa kila sentimita ya mraba, eneo linalogusa ni sentimita za mraba 48 hivi. Hiyo ni kadi ya benki! Ukijaza 45, zinabaki 32. Umekata theluthi ya kadi, halafu unamwomba dereva ashike breki kwenye mteremko uliolowa. Isitoshe, tairi gumu hurukaruka kwenye mashimo na kulika katikati.

Usikimbilie kupunguza ovyo pia. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto, hulika pembeni na kula mafuta.

Pima asubuhi kabla hujatoka. Joto likipanda nyuzi 10, tairi la PSI 30 huongezeka kama PSI 1.5, kwa hiyo likishatembea geji itakudanganya. Na ile baridi ya Iringa ya Juni na Julai hushusha upepo bila pancha yoyote, kwa hiyo pima tena msimu ukibadilika.

Tulifungua kitabu, tukapunguza upepo, mbele kuliko nyuma. Bajaji ikatulia. Kaka akanunua geji yake, akaizungusha kijiweni. Wenzake wanne waliofanyiwa servisi palepale nao walikuwa na 45, mbele na nyuma. Wote walikuwa wanasubiri abiria.

Kama chombo chako kimetoka servisi wiki hii, kipime kesho asubuhi, kitabu kikiwa mkononi.