Betri Katika Begi la Bibi

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyewarahisishia waja wake njia ya kuifikia Nyumba yake Tukufu. Leo mzee wa Shirimatunda huswali alfajiri msikitini kwetu, akashika barabara ya Arusha hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na haupiti muda mrefu yumo Makka. Hata hivyo wepesi huo una masharti yake, na sisi wa kamati ya msikiti mojawapo tumelijua kwa kuchelewa.

Mama mmoja wa jamaa yetu, aliporejea kutoka Umra, alituhadithia yaliyompata ukaguzini. Mashine ilionesha kitu ndani ya begi lake kubwa. Likafunguliwa mbele ya watu, kanga zikatolewa moja baada ya moja, na katikati yake ikapatikana pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu. Wajukuu ndio waliomtilia, kwa mapenzi, ili bibi asikose kuwapigia. “Wanangu, mimi hata sikujua kama ile ni betri,” alitwambia. Aliruhusiwa kuihamishia kwenye mkoba wake, akasafiri salama. Lakini aibu ile ilikuwa yetu. Tulimfundisha talbiya, tawafu na sai. La betri hatukulitaja.

Huenda msomaji akauliza: kitu kidogo hivyo kina madhara gani? Betri hizi ni za lithiamu. Ikiwa na kasoro, ikibonyezwa au ncha zake zikigusana na chuma, hupata joto lenye kujizidisha lenyewe, ikawaka na kuziwasha zilizo jirani. Moto ukitokea mbele ya abiria, wahudumu watauona na kuukabili. Ukitokea chini, kwenye mizigo, hakuna wa kuuona mapema wala wa kuufikia. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyokuwa na shehena ya betri za lithiamu ilishika moto baada ya kuondoka Dubai, ikaanguka, na marubani wake wawili wakafariki.

Kwa sababu hiyo, pawabenki na betri za akiba hubebwa mkononi tu, kamwe si katika begi la kupakiwa. Kipimo chake ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Isiyozidi 100 huruhusiwa. Inayozidi 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Inayozidi 160 haisafiri na abiria. Ikiwa imeandikwa mAh peke yake, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74. Ile isiyo na maandishi yoyote ni bora ibaki nyumbani, kwani mkaguzi hana namna ya kuijua.

Yako mashirika yenye masharti makali zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates humruhusu abiria pawabenki moja tu, isiyofikia wati-saa 100, na hairuhusiwi kutumika wala kuchajiwa ndani ya ndege. Kwa hiyo ulizeni kabla ya safari. Na ikiwa begi la mkononi litachukuliwa mlangoni mwa ndege ili lipakiwe chini, betri itolewe kwanza.

Ndugu wasomaji, wapo wanaoificha betri ndani ya nguo wakisema, “Haitaonekana.” Dini yetu inatukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na ndani ya ndege mna mamia ya roho. Vivyo hivyo, mzee asibebeshwe kifurushi kilichofungwa ambacho hakijui kilichomo. Mbele ya mkaguzi mwenye begi ndiye atakayeulizwa, si aliyempa.

Kamati yetu imeazimia kuanzia sasa kuliweka jambo hili katika darasa la mahujaji. Kwa upande wenu wazazi, usiku wa kuamkia safari, mfungueni mzee begi lake mbele yake, mtoeni kila chenye betri, mumwoneshe kilipo katika mkoba wake na mumweleze ni cha nini. Mjukuu aliyeitia betri ndiye awe wa kwanza kuitoa.

Wabillahi tawfiiq.