Akizubaa Mmoja, Wakizubaa Wengi

"Nipe dawa ya kuku." Ombi hilo limezoeleka sana kwenye maduka ya dawa za mifugo, na mara nyingi jibu lake ni pakiti ya unga wa OTC. Mfugaji analipa, anapanda bodaboda kurudi Masama, Kilimanjaro, anakoroga unga kwenye maji ya kunywa, na kesho yake asubuhi anaokota mizoga miwili zaidi.

Hakuna dawa ya kuku. Kuna dawa ya ugonjwa fulani, na ugonjwa huo lazima ujulikane kwanza. Katika kuutafuta, swali linalotangulia yote ni jepesi, ila watu huliruka: wanaumwa wangapi? Mmoja akizubaa huku wenzake wakiparura chini ya migomba, mara nyingi tatizo liko mwilini mwake peke yake. Wakizubaa watano ndani ya siku mbili, tatizo limeingia kihamba kizima, yaani shamba zima la nyumbani, na pengine limeshavuka uzio wa masale kwenda kwa jirani. Njia za kushughulikia hali hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kuku huficha ugonjwa. Anayeonyesha udhaifu hudonolewa na wenzake na huwa wa kwanza kunyakuliwa na mwewe, hivyo hujikaza mpaka nguvu za kujikaza zimwishie. Ukimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu, ujue hakuanza kuumwa leo. Kwa hiyo saa ya kumkagua ni asubuhi, mlango wa banda unapofunguliwa. Watazame wakitoka: nani ametoka wa mwisho, nani hakukimbilia mahindi, bawa la nani linaburuta. Kisha inama utazame kinyesi cha usiku chini ya vichanja. Cha kuku mzima kina umbo, rangi yake ni kahawia au kijivu, na juu kuna weupe, ambao ndio mkojo wake. Mara mojamoja hutoa kingine kizito, cheusi kiasi, chenye harufu kali. Hicho kisikutishe, ni cha kawaida. Damu inatisha. Kijani cha majimaji kinatisha pia, ingawa hata kuku aliyekaa siku nzima bila kula huweza kuhara kijani kwa sababu ya nyongo. Rangi pekee haitoshi kutaja ugonjwa. Iunganishe na idadi ya wagonjwa, umri wao, na namna wanavyopumua.

Wakiwa wengi, wanahara kijani, wengine wanahema midomo wazi, mmoja au wawili wanapinda shingo au kuzungukazunguka, fikiria kideri kabla ya jambo lingine lolote. Wengine hukiita mdondo. Huletwa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1926, karibu wakati mmoja kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kundi la kienyeji ambalo halijawahi kuchanjwa laweza kupoteza kuku wanane au tisa kati ya kumi kabla wiki mbili hazijaisha. OTC ni antibayotiki, huzuia bakteria. Kirusi hakiguswi nayo. Mshubiri, pilipili kichaa na majivu vimerithiwa kwa bibi zetu na siwezi kuvidharau, lakini hakuna kati ya hivyo kinachokimaliza kirusi cha kideri ndani ya mwili wa kuku. Hospitali kubwa kuliko zote duniani nayo haina dawa hiyo. Kuna chanjo tu, nayo hufanya kazi ikitangulia.

Kinachoumiza zaidi ni mambo tunayoyafanya saa ile ya hofu. Kuku walio hai bado wanakimbizwa sokoni wauzwe kabla hawajafa. Wengine wanachinjwa, na damu, manyoya na matumbo yanatupwa mgombani kwa mbwa au kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Mifongo yetu hutoka juu karibu na msitu na kupita vihamba vya watu wengi kabla ya kufika tambarare, kwa hiyo anayetupa mzoga humo anaupeleka ugonjwa kwa watu asiowajua hata majina. Chimba shimo refu, mbali na maji, ufukie vizuri, au choma moto. Nawa mikono kwa sabuni, na viatu ulivyoingia navyo bandani visivuke geti.

Ipo sababu nyingine ya kumpigia simu afisa mifugo wa kata badala ya kuzika kimyakimya. Mwezi Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na kwa ndege wa kufugwa. Kwa macho matupu, homa ya mafua ya ndege na kideri huweza kufanana kabisa. Maabara ndiyo inayotofautisha, na sisi wa Kilimanjaro tuko karibu: Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo Arusha. Mzoga unaofaa kupimwa ni wa kuku aliyekufa muda mfupi uliopita, umefungwa kwenye mfuko usiovuja na kuwekewa barafu pembeni, bila kugandishwa. Kuku mmoja aliyepimwa vizuri huweza kuokoa kuku wa kitongoji kizima.

Sasa tuje kwa yule mmoja. Hapa ndipo mfugaji anaweza kufanya mengi kwa mikono yake, na ndipo ninapotamani watu wapatumie muda zaidi.

Mtenge, mshike mabawa yakiwa yamebanwa, umpime kwa vidole. Anzia mfupa wa kidari. Ukiwa umetokeza mkali kama ukingo wa kisu, amekonda kwa wiki kadhaa: fikiria minyoo, au ugonjwa wa muda mrefu. Panda kwenye kifuko cha chakula chini ya shingo. Asubuhi kabla hajala kinatakiwa kiwe kitupu. Kikiwa kigumu kimejaa, amekwamiwa na majani marefu au uzi. Kikiwa laini kama maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimeoza humo ndani. Tazama upanga wa kichwani: uliopauka unaonyesha upungufu wa damu, wa zambarau unaonyesha anakosa hewa au damu haizunguki vizuri. Vipele vyenye magamba juu ya upanga na kuzunguka macho ni ndui, ambayo mbu huieneza. Usivibandue, kwa sababu magamba yenyewe hubeba kirusi. Uso uliovimba na makamasi yanayonuka ni mafua ya kuku. Geuza nyayo: kidonda cheusi katikati ya unyayo, chenye usaha mgumu, humfanya achechemee na kukaa tu.

Kisha papasa tumbo, hasa akiwa ni mtetea anayeanza kutaga. Kuku anayesimama wima, mkia ukiteremka na kupanda, akijikamua bila kutoa kitu, huenda amekwamiwa na yai. Mwili wake hutumia zaidi ya saa 24 kutengeneza yai moja, na ganda peke yake linabeba takriban gramu 2 za kalisi. Anayeishi kwa mahindi na maganda ya ndizi tu huishiwa kalisi, na misuli ya kusukuma yai hulegea. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 20 hivi, mkaushe vizuri kwa kitambaa, mpake mafuta safi kwenye tundu la kutagia, umweke kwenye boksi lenye joto na giza. Wengi hutaga baada ya saa chache. Usimkamue kwa nguvu na usilivunje yai ndani, maana vipande vya ganda humkata na humuua. Likikataa kutoka mpaka kesho, tafuta daktari wa mifugo. Atakapopona, mpe maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye mchana hutaona chanzo cha ugonjwa wake. Upanga umepauka, utagaji umepungua, kuku wanakataa kulala bandani. Rudi usiku na tochi, umulike nyufa za mbao na vichanja. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kutoka gizani kunyonya damu. Kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi bure. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, ziba unazoweza, rudia baada ya wiki moja.

Vifaranga wana hesabu yao. Masika ya Machi hadi Mei sakafu za mabanda ya mlimani huwa hazikauki, na vimelea vya kuhara damu hukomaa vizuri penye unyevu. Kifaranga wa wiki tatu hadi nane aliyejikunyata na kuhara damu anahitaji Amprolium mapema, na anahitaji maranda makavu kwa kiwango kilekile. Dawa bila kubadilisha maranda itampa nafuu ya siku chache, kisha aumwe tena.

Tiba ya kwanza kwa mgonjwa yeyote, kabla hata hujajua anaumwa nini, ni kumtenga, joto na maji. Joto la mwili wa kuku hufika nyuzi 41 au 42, na baridi ya Juni na Julai pamoja na ule ukungu wetu humla nguvu zote alizobaki nazo. Boksi lenye majani makavu karibu na jiko, pasipo na moshi, linatosha. Maji yawe safi, yenye sukari kidogo kwa siku ya kwanza. Usimfungue mdomo ukamimina maji kooni: tundu la kupumulia liko nyuma tu ya ulimi, na wengi wanaosemekana kufa kwa ugonjwa wamezamishwa na mlezi mwenye huruma. Dondosha tone ukingoni mwa mdomo, umsubiri ameze mwenyewe. Chakula kiwe laini, uji mzito wa dona au yai lililochemshwa na kupondwa. Wazima wahudumiwe kwanza kila siku, mgonjwa awe wa mwisho.

Antibayotiki ina nafasi yake, kwa mfano kwenye mafua na homa ya matumbo ya kuku, ikiwa daktari amekwambia. Soma siku zake za kusubiri kwenye kibandiko. Mayai na nyama ya kuku aliye kwenye dozi havifai kuliwa, na hapo sitaki kulegeza kauli, kwa sababu mlaji wa kwanza wa yai hilo ni mtoto wako. Dozi isikatishwe akichangamka, wala isigawanywe kwa kukisia.

Turudi kwenye kideri, maana ndicho kinachomaliza mabanda. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya watafiti wa Australia waliotafuta chanjo inayovumilia joto vijijini, na hapa nchini TVLA huitengeneza kwa jina la TEMEVAC. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Mlaze kuku ubavu, lenga tone, subiri lienee jichoni ndipo umwachie. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachange na kuchanja siku moja. Usichanje kundi ambalo limeshaanza kuumwa; walio na kirusi tayari watakufa vilevile, na chanjo itasingiziwa.

Kwa Masama ningepanga mizunguko iwe Februari, Mei, Agosti na mwanzoni mwa Novemba. Huo wa Novemba usikoswe kamwe. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, kuku wananunuliwa, wanapelekwa kwa shangazi na kwa mkwe, na kirusi husafiri nao. Kinga nayo huhitaji wiki mbili au tatu kujijenga. Kuku aliyenunuliwa sokoni Kwa Sadala siku chache kabla ya Krismasi achinjwe siku hiyohiyo na matumbo yafukiwe, au afungwe peke yake kwa wiki mbili kamili, na chombo chake cha maji kisichangiwe na wengine.