Je, Wajua? Hatua Hamsini, Jiwe na Pweza Walindao Pwani

Maji hujaa na kupwa bila kumwomba mtu ruhusa. Ni sisi binadamu tunaopaswa kuamua tujenge wapi, tuvue lini na tuache nini. Haya ni baadhi ya maamuzi ambayo nchi mbalimbali zimefanya kwa ajili ya pwani zao.

Je, wajua kwamba Mauritius hupima ufuko wake kwa hatua za Wafaransa wa kale? Mwaka 1807, kisiwa kilipokuwa koloni la Ufaransa, amri ilitolewa kwamba ukanda wa hatua 50 kuzunguka pwani ni mali ya umma. Hatua moja ilihesabiwa kuwa futi 5 za Kifaransa, hivyo hatua 50 ni sawa na mita 81.21. Kipimo hicho bado kinatumika. Ardhi hiyo hukodishwa, haiuzwi.

Je, wajua kwamba nchi nyingine nazo zina mita zake? Denmark hulinda mita 300 kutoka ufukweni, Norway mita 100. Costa Rica, kwa sheria ya mwaka 1977, ilitenga mita 200, na 50 za kwanza ni za kila mtu: hakuna awezaye kuzifunga kwa ukuta. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Je, wajua kwamba jiwe moja liliokoa nyumba za kijiji kizima? Aneyoshi ni kijiji kidogo cha kaskazini mashariki mwa Japani. Tsunami ya mwaka 1896 ilikifuta, na ile ya mwaka 1933 ikakifuta tena. Kila mara walionusurika pale hawakutimia hata kumi. Wanakijiji wakahamia mlimani na kusimamisha jiwe lenye onyo lililochongwa: mtu asijenge nyumba chini ya hapa. Machi 2011 tsunami kubwa ilipanda bonde lile, ikasimama mita 100 hivi kabla ya kulifikia jiwe. Nyumba zote zilizojengwa juu yake zilisalimika, kwa kuwa wajukuu walitii neno la babu zao.

Je, wajua kwamba Uholanzi huilisha pwani yake mchanga? Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ilibomoa kuta za kuzuia maji na kuua watu 1,836 nchini humo. Waholanzi walijenga kuta na malango makubwa ya bahari, lakini ukuta peke yake haurudishi mchanga unaokokotwa na mawimbi. Tangu mwaka 1990 sera yao ni kwamba ufuko usirudi nyuma, nao hufidia kila kinacholiwa: meli huchota mchanga baharini na kuumwaga karibu na nchi kavu. Mwaka 2011, karibu na Den Haag, walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja, kisha wakaviachia upepo na mikondo kazi ya kuusambaza.

Je, wajua kwamba Palau hukuapisha kabla ya kukuingiza? Katika visiwa hivi vya Pasifiki, tangu enzi za mababu, wazee hutangaza *bul*: marufuku ya kuvua mahali fulani kwa muda, samaki wapate kuzaana. Tangu Desemba 2017, mgeni hugongewa muhuri wa kiapo kwenye pasipoti, naye hukitia saini. Kiapo hicho kinaelekezwa kwa watoto wa Palau: mgeni anawaahidi kwamba hatawaharibia kisiwa chao.

Je, wajua kwamba kufunga mwamba huongeza pweza? Mwaka 2004, wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kutogusa sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi mno, hivyo waliporudi waliwakuta wakubwa. Vijiji jirani vikaiga. Leo hata Kisiwa Panza, Pemba, mwamba hufungwa na kufunguliwa kwa makubaliano ya wanakijiji. Kwenye pwani ya Kenya, eneo la namna hii huitwa *tengefu*, yaani lililotengwa. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walitenga lao mwaka 2005 baada ya kuona samaki wanazidi kupungua.

Je, wajua kwamba mikoko iliyosimama ina bei? Ghuba ya Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko. Miti hii huhifadhi kaboni nyingi katika matope yake, na tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni huuza huduma hiyo kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zimeingia kwenye maji safi na shule. Mkoko uliokatwa huuzwa mara moja. Uliosimama hulipa kila mwaka, na bado kamba na samaki wachanga hujificha mizizini mwake.

Mita zilizoandikwa kwenye sheria hazizuii tingatinga. Aneyoshi, Andavadoaka na Gazi, pwani imelindwa na wenye pwani wenyewe. Nawe uishiye karibu na bahari, uliza kijijini kwako mpaka uko wapi na nani anaulinda. Ukikuta hauna mlinzi, anza wewe.