Onyo la kasi ya feni ya prosesa

Onyo la kasi ya feni ya prosesa ni ujumbe unaoonyeshwa na kompyuta inapowashwa, ikiwa ubao mama haupati taarifa kwamba feni ya prosesa inazunguka kwa kasi inayotakiwa. Hutokea hasa baada ya kompyuta kuundwa upya, kusafishwa au kubadilishiwa kipoozaji. Skrini huandika maneno kama "CPU Fan Error", kisha kompyuta husimama hapo hadi mtumiaji abonyeze kitufe, mara nyingi F1.

Onyo hili halipimi joto. Linaangalia tu kama mapigo ya umeme kutoka kwenye feni yanafika kwenye ubao mama. Kwa sababu hiyo linaweza kutokea wakati prosesa haina joto lolote la kutisha, na likizimwa linaweza kukaa kimya wakati prosesa inazidiwa na joto. Kulitatua kunahitaji majibu ya maswali mawili: je, feni inazunguka kweli? Na je, prosesa ina nyuzi ngapi za joto?

Kwa nini prosesa hupozwa

Karibu umeme wote unaotumiwa na prosesa hugeuka kuwa joto. Joto hilo hupita kwenye pesti maalumu na kuingia kwenye kipozajoto, yaani kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi na kuliondoa joto. Feni ikisimama, kipozajoto chenyewe hujaa joto baada ya muda mfupi.

Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha kinachotokea vipoozaji vinapoondolewa kwenye prosesa zinazofanya kazi. Prosesa ya Athlon ya kampuni ya AMD iliungua ndani ya sekunde chache. Pentium 4 ya Intel, iliyokuwa na kinga ndani yake, ilipunguza kasi na kuendelea kufanya kazi. Prosesa za leo zote zina kinga ya namna hiyo: zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda kompyuta hujizima. Kwa hiyo kompyuta ya sasa yenye feni mbovu mara nyingi haiungui papo hapo, bali huwa nzito, hukwama na kujizima katikati ya kazi.

Jinsi kasi ya feni inavyopimwa

Feni ya kompyuta ya mezani huwa na waya tatu au nne. Waya wa kwanza ni wa hasi, wa pili huleta umeme wa volti 12, na wa tatu hurudisha taarifa ya kasi. Feni nyingi hutoa mapigo mawili katika kila mzunguko. Ubao mama huhesabu mapigo ya sekunde moja na kuyazidisha kwa 30 ili kupata mizunguko kwa dakika. Mapigo 40 kwa sekunde, kwa mfano, ni mizunguko 1,200 kwa dakika. Kwenye skrini kipimo hicho huandikwa RPM.

Waya wa nne, kwa feni zenye pini nne, hupeleka amri kutoka kwenye ubao mama ili feni iongeze au ipunguze kasi. Feni ya pini tatu haina waya huo. Kasi yake hubadilishwa kwa kupunguza volti.

Programu ya BIOS, inayoamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, hulinganisha kasi iliyohesabiwa na kiwango cha chini kilichowekwa, kwa mfano mizunguko 200 au 600 kwa dakika. Kasi ikiwa chini ya hapo, au mapigo yasipofika kabisa, onyo hutokea.

Sababu za kawaida

Plagi imechomekwa mahali pasipo pake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuangaliwa kwenye kompyuta iliyotoka kufungwa. Ubao mama huwa na soketi kadhaa za feni zinazofanana. Ya prosesa huandikwa CPU_FAN. Zile za feni za kasha huandikwa SYS_FAN au CHA_FAN. Feni ya prosesa ikichomekwa kwenye soketi ya kasha itazunguka vizuri, lakini ubao mama utaona soketi ya prosesa iko tupu.

Feni inazunguka polepole kuliko kiwango cha onyo. Feni kubwa za kisasa zimeundwa ziwe kimya. Feni ya kipoozaji cha Noctua NH-D15, kwa mfano, inaweza kushuka hadi mizunguko 300 hivi kwa dakika. Kiwango cha onyo kikiwa 600, feni hiyo itahesabiwa kuwa mbovu ilhali ni nzima.

Kipoozaji cha maji. Baadhi ya vipoozaji vya maji huchukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai na kuacha waya mdogo wa taarifa uchomekwe kwenye ubao mama. Waya huo ukisahauliwa, pampu hufanya kazi bila ubao mama kujua.

Waya wa kugawa umeme kwa feni mbili. Waya uliotengenezwa vizuri hupitisha taarifa ya feni moja tu. Ukipitisha za feni zote mbili, mapigo huchanganyika na hesabu huwa ya uongo.

Volti ndogo mno. Feni ya pini tatu ikipewa volti kidogo ili iwe kimya, inaweza kushindwa kuanza kuzunguka.

Kizuizi, vumbi au uchakavu. Waya wa ndani ya kasha unaweza kugusa mapanga ya feni. Vumbi huongeza uzito kwenye mapanga na kuziba mapezi. Beringi ikichakaa, feni huchelewa kuanza, hasa asubuhi. Onyo linalotokea mara ya kwanza na kupotea kompyuta ikiwashwa tena ni dalili ya feni inayoelekea kufa.

Hatua za kutafuta tatizo

1. Kuingia kwenye BIOS, mara nyingi kwa kitufe cha Delete, F2 au F1, na kusoma ukurasa unaoonyesha kasi ya feni na joto la prosesa. Kompyuta isiyofanya kazi nzito kwa kawaida huonyesha nyuzi kati ya 30 na 50. Joto likipanda haraka bila kusimama, kompyuta izimwe mara moja.

2. Kufungua kasha na kutazama feni kwa macho wakati kompyuta inawaka, bila kuingiza mkono. Kwa kipoozaji cha maji, ni pampu inayopaswa kukaguliwa, si feni peke yake.

3. Kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme ukutani, kisha kuhakikisha plagi iko kwenye CPU_FAN na imeingia sawasawa. Plagi ya pini tatu inaingia pia kwenye soketi ya pini nne, kwa kufuata kijiti cha plastiki kinachoonyesha upande.

4. Kuzungusha mapanga kwa kidole. Feni nzima huzunguka kwa wepesi na kusimama taratibu. Inayokwaruza au kusimama ghafla imechakaa.

5. Kusafisha kwa brashi laini au blowa. Mapanga yashikwe yasizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu kuzungushwa kasi mno huharibu beringi.

6. Kujaribu feni nyingine iliyo nzima kwenye soketi ileile. Ikisomeka, feni ya kwanza au waya wake ndio wenye kasoro. Isiposomeka, tatizo liko kwenye soketi au mpangilio wa BIOS.

Ikiwa feni inazunguka na kasi inasomeka vizuri lakini joto liko juu, chanzo ni kingine: kipozajoto hakikubanwa sawasawa, pesti imekauka, au karatasi ya plastiki inayofunika sehemu ya chini ya kipoozaji kipya haikubanduliwa. Kila kipozajoto kinapoondolewa, pesti ya zamani hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya.

Mazingira ya Kagera

Mazingira ya mahali huathiri onyo hili. Mfano ni Izimbya, kata ya Wilaya ya Bukoba katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Bukoba na Muleba vimeinuka juu ya ziwa. Kwenye kimo cha mita 1,200 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko hewa ya pwani yenye joto lilelile, hivyo feni yenye kasi ileile huondoa joto pungufu kidogo. Hasara hiyo hufidiwa na ubaridi: wastani wa joto la Bukoba ni nyuzi 21 hivi, chini ya ule wa Dar es Salaam.

Ubaridi huo una matokeo yasiyotarajiwa. Ubao mama unaoendesha feni kwa kufuata joto huishusha hadi kasi ya chini kabisa asubuhi ya baridi, na hapo ndipo feni nzima inaweza kuvuka kiwango cha onyo. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, sababu hubadilika: vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huingia madukani na maofisini na kujaa kwenye mapezi. Onyo la msimu huo linahitaji brashi kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.

Kukatika kwa umeme huongeza usumbufu. Tuseme kompyuta ya shule inayohifadhi matokeo ya wanafunzi imepangwa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Ikiwa ina onyo la feni, itasimama kwenye skrini ya F1 usiku kucha, na asubuhi walimu watakuta mtandao wa shule haufanyi kazi. Hapo mtu hushawishika kulizima onyo bila kutafuta sababu.

Kubadilisha kiwango cha onyo

BIOS nyingi huruhusu kiwango cha chini kubadilishwa au onyo kuzimwa kabisa kwa kuchagua "Ignore" au "Disabled". Kupunguza kiwango ni sahihi pale tu feni imeonekana ikizunguka, kasi yake inasomeka, na joto linabaki la kawaida hata wakati wa kazi nzito. Njia nyingine ni kupandisha kasi ya chini ya feni katika mpangilio wa BIOS, ili onyo libaki na kazi yake. Hiyo inafaa zaidi kwa kompyuta inayoachwa bila mtu, kwa gharama ya kelele kidogo.

Kuzima onyo kabisa kunafaa kwa kipoozaji kisicho na feni, au pale ambapo pampu haina waya wa taarifa na joto linafuatiliwa kwa programu. Onyo likizimwa ni vizuri kubandika karatasi kwenye kasha yenye tarehe na sababu, kwa sababu fundi atakayefuata hataona ujumbe wowote siku feni itakaposimama kweli. Betri ya ubao mama ikiisha, mpangilio wa BIOS unaweza kurudi wa kiwandani na onyo likatokea tena ingawa hakuna kilichoharibika. Saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka mingi ni dalili ya hali hiyo.